Kapi kwenye mnazi halitusaidii kupandisha mashua: tunakosea wapi?

Ufukwe_Bagamoyo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Kuna mashua ya mita 6 hapa Bagamoyo, upande wa soko la samaki, inatakiwa ipande juu ya alama ya maji makuu ili mkuku (mti wa chini kabisa unaobeba mashua toka mbele hadi nyuma) ukauke na fundi aikalafati, yaani azibe nyufa zake. Fundi anakisia kilo 900 ikiwa tupu. Kutoka inapokwama hadi kivulini ni mita 20, na katika mita hizo 20 ardhi inapanda mita 2. Wavutaji ni watano.

Kapi moja limefungwa kwenye shina la mnazi, kimo cha kifua. Kamba imetoka omo (mbele ya mashua), imepita kwenye kapi, imerudi chini, na watu wanavuta wakielekea baharini. Mashua haiendi. Mnazi ndio unaotikisika. Vitabu vya shule vinasema kapi ni mashine rahisi na linapunguza nguvu inayohitajika. Mbona hapa halipunguzi kitu? Na je, tununue makapi mengine mangapi?

Mwl_Kani

Vitabu viko sawa, ila kapi limefungwa mahali pasipolipa.

Kapi lisilosogea hugeuza upande wa kuvuta, basi. Kamba ni moja, kwa hiyo mkazo wake ni uleule tangu mikononi mwenu hadi omo, ukitoa kidogo kinacholiwa na msuguano wa roda (gurudumu la ndani ya kapi). Mtu mzima aliyesimama mchangani huvuta kwa kudumu kama nyutoni 200, yaani nguvu ya kushikilia kilo 20 zinazoning'inia. Mikono ina uwezo zaidi ya huo, lakini miguu huanza kuteleza kwanza. Watu watano ni nyutoni 1,000. Mashua basi inapata 1,000 pungufu, tuseme 900. Mnazi unavutwa na kamba mbili kwa pamoja, ile yenu na ile ya mashua, jumla 1,900. Aliyepata faida ya kapi lenu ni mnazi.

Chukua kapi hilohilo ulifunge omo. Ncha ya kamba ifunge mnazini, ipitishe kwenye kapi la omo, kisha wavutaji waende na ncha ya pili upande wa juu, wavute wakiuelekea mnazi. Sasa mashua imeshikwa na kamba mbili, na kila moja ina mkazo wa 1,000 au karibu yake. Inapata kama 1,900, na mnazi unabeba kamba moja tu. Vifaa ni vilevile, watu ni walewale.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: hesabu kamba zinazolivuta kapi linalosogea pamoja na mzigo. Usihesabu makapi, wala usihesabu kamba zilizo upande wa mnazi.

Ukitaka kuongeza, tafuta kapi moja la roda mbili na lako la roda moja. Hapo pana jambo ambalo wengi hulikosea. Kapi la roda mbili likikaa mnazini na la roda moja likikaa omo, kamba ikianzia kwenye kapi la omo, mashua inavutwa na kamba tatu na mnazi unavutwa na nne. Yabadilishe: la roda mbili omo, la roda moja mnazini, kamba ianzie kwenye kapi la mnazini, iende roda ya kwanza ya omo, irudi mnazini, ishuke roda ya pili ya omo, halafu ncha ya kuvutia itoke omo kuelekea juu. Sasa mashua ina kamba nne na mnazi una tatu. Umepata zaidi na umeupunguzia mnazi mzigo kwa kubadilisha nafasi tu.

Malipo yake yako kwenye urefu. Kamba nne maana yake kila mita moja ya mashua ni mita nne za kamba mikononi. Mita 20 za mashua ni mita 80 za kuvuta. Kazi, yaani kani mara umbali, haipungui hata kidogo. Kwa kweli inaongezeka, kwa sababu roda nazo zinadai chao.

FundiMkuku

Mwalimu amesema vizuri, ila kabla hujatoa hela ya kapi lolote tazama chini ya mashua. Mnachopigana nacho hapo si uzito.

Hesabu ndogo. Kilo 900 ni nyutoni 9,000. Ardhi inapanda mita 2 katika mita 20, yaani moja kwa kumi, kwa hiyo sehemu ya uzito inayoirudisha mashua baharini ni kama moja ya kumi: nyutoni 900. Hiyo ndiyo gharama yote ya kupanda. Watu watano wenye 1,000 wangeimudu bila kapi kama pasingekuwa na msuguano. Sasa mkuku wa mti ukiburutwa kwenye mchanga unadai kiasi cha nusu ya uzito, nyutoni 4,500, na ukizama ukaanza kusukuma tuta mbele yake unadai zaidi. Jumla 5,400. Sehemu tano kwa sita za jasho lenu zinakwenda kulima mchanga.

Mashua hiyohiyo juu ya magogo ya mviringo yanayobingirika juu ya mbao hudai kama sehemu moja kwa ishirini ya uzito: 450. Ongeza 900 za mwinamo, unapata 1,350. Kwa makapi ya mwalimu ya kamba nne, watu wawili wanatosha. Bila magogo, kwa makapi hayohayo, watano hawatoshi. Ndiyo maana nasema mbao kwanza, kapi baadaye.

Namna ya kuyapanga:

Mbao mbili za inchi 2 kwa 8 kila upande, ndefu kadiri mnavyopata, zilazwe sambamba kwa urefu wa njia kama reli, nafasi ya katikati kama sentimita 60. Zikipatikana nne za mita 4 zinatosha, mnazihamisha kutoka nyuma kwenda mbele. Magogo yalale juu yake kwa kupingana nazo. Yawe sita, unene wa sentimita 12 hadi 15, urefu mita 1.2, yamenyooka na yamechongwa vifundo vyote. Shina la mnazi mkavu hufaa; bomba la chuma la unene huo ni bora zaidi. Gogo jembamba linashikwa na kila kokoto, nene linapita juu yake. Gogo lililopinda ndilo linalougeuza mkuku upande, na mashua ikishaanza kwenda mshazari hakuna wa kuinyoosha ila kwa kuinyanyua upya.

Kosa la kawaida ni kutupa magogo moja kwa moja mchangani. Yanazama, yanaacha kubingirika, na mkuku unaburutwa juu yake. Hapo mmebeba magogo bure.

Magogo yanabaki nyuma, wala si kwamba yamepangwa vibaya. Mashua ikienda mita 2, gogo lililo chini yake limekwenda mita 1, kwa kuwa sehemu yake ya juu huenda kwa mwendo wa mashua ilhali ya chini imetulia juu ya ubao. Kwa hiyo awepo mtu wa sita ambaye kazi yake ni kuchukua gogo linalotoka tezi (nyuma ya mashua) na kulikimbiza omo. Alilaze kabla omo haijafika, na asiingize kamwe vidole kati ya gogo na ubao. Kama hamna mtu wa sita, wavutaji wawe wanne.

Kuinyanyua ipande magogo ni kazi ya wenzo. Mtaimbo au boriti ngumu ya mita 2, egemeo sentimita 20 kutoka ncha inayoingia chini ya mkuku. Upande wenu umebaki sentimita 180, mara tisa. Nyanyua ncha moja moja: ukinyanyua omo, tezi inabaki chini na kubeba nusu yake, hivyo unapambana na kama 4,500, si 9,000. Watu wawili wakilalia mtaimbo kwa 300 kila mmoja wanatoa 600 mara 9, yaani 5,400. Inatosha na chenji inabaki. Mkono ukishuka sentimita 90, omo inapanda 10. Kila ikipanda, piga kabari ya mti chini yake papo hapo, msitegemee mikono ya watu.

Egemeo nalo lina mzigo wake: hizo 5,400 na 600 zenu, jumla 6,000. Ukiweka kigogo cha sentimita 10 kwa 10 juu ya mchanga kinadidimia badala ya mashua kupanda, na wote mtadhani mtaimbo ni mfupi. Weka chini yake ubao wa sentimita 40 kwa 50. Eneo limekuwa kubwa mara 20, kanieneo (kani inayokandamiza kila kipande cha eneo) imeshuka mara 20.

Mkuku ukiwa umelala kwenye tope au mchanga uliolowa kwa muda, usikimbilie kuvuta. Umenyonywa. Chimba pembeni maji na hewa viingie chini, utikise kwa wenzo, ndipo uvute.

La mwisho, halihitaji kifaa: kausheni ngama (maji yaliyotuama ndani ya mashua). Debe la lita 20 la maji ya bahari ni kilo 20 na ushei. Madebe kumi ni kama watu watatu waliolala ndani huku wenzao wanavuta. Toeni farumi (mawe au mchanga wa kuitulizia mashua), nanga, mlingoti ukiwezekana, na foromali (mti wa kufungia tanga).

Nahodha_Winde

Fundi, umesahau msaidizi wa bure. Subirini bamvua, siku ambazo maji hujaa kuliko kawaida. Mwinamo wenu ni moja kwa kumi, kwa hiyo kila sentimita 10 maji yanapopanda zaidi, mashua inaelea mita 1 zaidi kuelekea mnazini. Maji ya bamvua yakiyazidi ya maji mafu (siku ambazo hujaa kidogo) kwa nusu mita tu, mmeokoa mita 5 za kuvuta, na pwani hii tofauti huwa kubwa kuliko hiyo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, siku moja hadi mbili baadaye, maji hujaa sana saa kumi hivi, alasiri na alfajiri. Kila siku husogea mbele kama dakika 50. Chagueni la alasiri, mwanga bado upo, na makapi yawe yamekwisha kufungwa saa tisa. Mkianza kutafuta kamba wakati maji yamefika, yatakuwa yanapwa kabla hamjafunga fundo.

Na mchanga uliotoka kuachwa na maji ni mgumu. Mnaweza kupita hapo kwa mbao chache. Ule mkavu wa juu ya alama ya maji ndio unaomeza kila kitu, mbao nyingi ziwekeni huko.

KataniTanga

Kuhusu mchanga mbichi Nahodha yuko sahihi, na kuna waliolipima. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam waliburuta sleji (chombo cha kuburuta kisicho na magurudumu) juu ya mchanga wenye viwango mbalimbali vya maji wakaona mchanga wenye unyevu wa kadiri ulidai karibu nusu ya kani iliyodaiwa na mchanga mkavu. Maji machache yanazishikanisha chembe, tuta halijengeki mbele. Maji yakizidi, faida inapotea. Kwa hiyo mkilazimika kuburuta kipande kifupi bila magogo, nyunyizeni, msimwage.

Mimi nina neno juu ya kamba na mahali pa kuifunga.

Mnazi mmeufunga kimo cha kifua, tuseme mita 1.3. Nguvu ya kuung'oa ni kani mara kimo. Nyutoni 3,000 kwa mita 1.3 ni 3,900. Ukishusha kitanzi hadi sentimita 20 kutoka ardhini ni 600. Mizizi ya mnazi ni mingi lakini myembamba na haiendi mbali chini, na mnazi wa ukingoni ambao bahari imeshakula mchanga wake msiuguse kabisa. Zungusheni gunia kwanza ili kamba isikate gome.

Kama hakuna mnazi wa kuaminika, zikeni gogo. Chimba handaki la kina cha mita 1 na urefu wa mita 1.5, lilale kukingama na mwelekeo wa kuvuta. Laza ndani gogo la unene wa sentimita 20, funga kamba katikati yake, na uchonge mfereji wa mteremko ambamo kamba itatokea kuelekea mashua. Mfereji huo ndio watu huuruka. Kamba ikitoka wima inalinyanyua gogo. Ikitoka kwa ulalo inalivuta dhidi ya ukuta wa mchanga, na mchanga ndio unaofanya kazi. Fukia kwa matabaka, mwagia maji, kanyaga kila tabaka.

Kwenye mashua msifunge kwenye ubao wala mlingoti. Tundu la mkuku upande wa omo kama lipo, na kama halipo zungusheni kamba nene kuizunguka mashua nzima, ipite nyuma ya tezi na irudi omo pande zote mbili, chini kabisa. Hapo mnaisukuma kwa nyuma badala ya kuing'oa kwa mbele. Ikifungwa juu ya omo, inanyanyua pua kidogo na kukandamiza tezi, mkuku unajichimbia.

Unene: milimita 16 inatosha mikono ya watu na inatosha mzigo huu. Katani ni nzuri mkononi na hainyumbuki sana, na huku kwetu ndiko kwake tangu miche ya kwanza ilipopandwa Pangani mwaka 1893. Ila ina tabia mbili. Ikilowa hunenepa, kwa hiyo mfereji wa roda wa milimita 16 kamili utaibana. Tafuteni roda yenye nafasi. Pia huoza ndani huku nje ikionekana nzima: isokoteni kinyume mtazame kati ya nyuzi, mkiona unga wa kijivu itupeni. Roda yenyewe kipenyo chake kisipungue mara nane ya unene wa kamba, yaani kama sentimita 13. Roda ndogo inaivunja kamba na kula nguvu.

Nailoni inavutika kama mpira. Ndiyo imara kuliko katani, lakini ikikatika inarudi na nguvu yote iliyokuwa imejaa ndani yake. Kwa kamba ya aina yoyote asisimame mtu kwenye mstari wake, wala ndani ya pembe ambapo kamba inapiga kona kwenye kapi. Pembe hiyo ndiyo inayoua, kwa kuwa kapi likifunguka linarushwa humo humo.

Nguvu ya kukatika ya kamba igaweni kwa tano, ndiyo kazi yake. Fundo pekee linaweza kula karibu nusu. Na "haya, twende!" ya kushtua hutia mkazo mara mbili ya kuvuta taratibu, jambo ambalo nyimbo za kuvutia hulificha.

Ufukwe_Bagamoyo

Asanteni sana wazee wangu, nimejifunza. Makapi yamehamishwa kama mwalimu alivyosema na mbao zinatafutwa. Maswali mawili yamebaki. Kuna mtu anatuazima makapi mawili ya roda tatu tatu, ya zamani, yana kutu. Si tutapata kamba sita? Na la pili, tukitumia minazi miwili, mmoja kulia na mmoja kushoto, kila kundi na lake, si nguvu zitajumlika?

Mwl_Kani

Zitajumlika, lakini si zote. Kamba mbili zikivuta kwa pamoja upande mmoja zinajumlika kamili. Zikifanya pembe ya nyuzi 90 kati yao, 1,000 na 1,000 zinatoa 1,414. Pembe ya nyuzi 120, zinatoa 1,000 tu: kundi la pili lote limekuja kuvutana na la kwanza. Kama minazi yenu imeachana mita 10 na mashua iko mita 20 kutoka kwayo, pembe ni kama nyuzi 28 na hasara ni asilimia 3, msijali. Lakini mashua inavyopanda pembe inapanuka. Ikibaki mita 5, imefika nyuzi 90. Minazi miwili ina faida moja ya kweli, kuinyoosha mashua inayokwenda upande. Kwa kuvuta tu, ungeni kamba kutoka minazi yote miwili ikutane mahali pamoja, na makapi yaanzie hapo.

Makapi yenye kutu sasa. Kila kamba inapozunguka roda inaacha kitu. Roda safi yenye mafuta huacha kama sehemu moja ya kumi. Yenye kutu mbili za kumi, na nyingine ni zaidi. Kwa kamba nne na roda safi, ukivuta 1 mashua inapata 1 na 0.9 na 0.81 na 0.73, jumla 3.4. Kwa roda zenye kutu ni 1, 0.8, 0.64, 0.51, jumla 2.95. Ukienda hadi kamba sita zenye kutu unaongeza 0.41 na 0.33, unafika 3.7. Umeongeza kamba nusu nzima ya urefu wa awali na roda zaidi, ukapata karibu kile ambacho makapi yako ya kamba nne yangekupa kwa kijiko cha grisi. Ng'oa pini, sugua kwa msasa, paka grisi, hakikisha roda inazunguka kwa kidole. Roda isiyozunguka si roda tena, ni kigingi ambacho kamba inakisugua.

Na urefu: kwa kamba nne, makapi yakianza umbali wa mita 12, unahitaji mita 48 kati yake na mita 12 za kushika, jumla 60. Hapo mashua inakwenda kama mita 10 kabla makapi hayajakaribiana. Halafu kabari nyuma ya magogo, legeza, vuta kapi la chini mpaka umbali urudi, anza tena. Kwa hiyo kamba ya mita 60 ni mizunguko miwili. Ya mita 90 yenye kamba sita ni mizunguko hiyohiyo miwili, na mzigo mkubwa zaidi wa kusokotana.

Ukitaka kujua bila kukisia, azima mizani ya kuning'iniza ya wauza samaki, ile ya kilo 100. Iunge kwenye ncha ya kuvutia, watu waishike mizani badala ya kamba, soma wakati mashua inasogea polepole. Ikionyesha kilo 40, mnavuta 400. Mkiwa na magogo na mbao na makapi safi ya kamba nne, nategemea namba hiyohiyo, maana 1,350 gawanya kwa 3.4 ni karibu 400. Ikionyesha 70 au 80, kuna gogo halibingiriki au roda imekwama. Tafuteni, msiongeze watu.

Nahodha_Winde

Kwa ile hatua ya kwanza, mkuku unapokataa kabisa kung'oka, kuna ujanja usio na kapi. Kaza kamba kati ya mnazi na omo mpaka iwe kama uzi, urefu wa mita 20, ifunge. Mtu mmoja asimame katikati aisukume kwa pembeni. Ikijipinda nusu mita, msukumo wake wa 300 unakuwa mkazo wa kama 3,000 kwenye omo. Mashua itasogea sentimita mbili na nusu, hazifiki hata upana wa vidole viwili. Legeza, kaza tena, rudia. Hazifai kwa safari ya mita 20, ila mkuku ukishang'oka hata kwa hizo, umeng'oka. Na kamba iwe imara, kwa sababu hakuna anayehisi mkazo wa 3,000 wakati mkono wake unasukuma 300.

Siku ya kuirudisha majini msiiachie kwa mikono. Viringisha kamba kwenye shina la mnazi mara mbili. Msuguano wa gome unazidisha kila mzunguko: kwa mzunguko mmoja mkono wa nyutoni 1 unashika kama 6, kwa miwili unashika kama 36. Kwenye magogo mashua inavuta kama 450 ikiteremka (900 za mwinamo kutoa 450 za msuguano), kwa hiyo kijana mmoja ataiteremsha kwa vidole. Mkiongeza mzunguko wa tatu haitashuka kabisa, mtaisukuma.

FundiMkuku

Nyongeza kwa mizani ya mwalimu: ikae kwenye ncha ya kuvutia tu, kabla ya kapi la kwanza. Msiiweke kati ya kapi na omo kwa kutaka kuona "nguvu yote". Huko kuna zaidi ya kilo 130 hata kazi ikienda vizuri, mara mbili ya hapo mkishtua, na mizani ya kilo 100 itanyooka ndoano kabla hamjaisoma. Mwenye samaki atataka yake.